Mpishi Aliyewapa Wafu Maneno

Jumapili, mwezi wa kumi, 2017, Jeddah. Joto la mvuke tangu alfajiri. Nguo nilizoanika roshani asubuhi zilikuwa bado mbichi adhuhuri, na upepo ulipokuja kutoka baharini ulikuwa wa moto, kama mtu anayekupumulia shingoni.

Tumekuja kutoka Riyadh kwa sababu nyanya, mamake madam ninayemfanyia kazi, alitaka kufanya umra kabla magoti hayajamgomea kabisa, na mimi ndiye ninayemshika mkono. Umra tumeifanya juzi, alhamdulillahi, na leo alfajiri tumefika hapa. Mtu mwenye akili timamu angekaa akaandika habari za umra. Mimi nimekaa kwenye nyumba mpya ya madam, na ninayetaka kumwandika ni Mpishi. Mungu anisamehe.

Nimemwona leo baada ya miaka miwili. Kabla sijasema ya leo niseme alivyo, na nijaribu kusema haki, maana mwenye wivu akishika kalamu huandika upande mmoja tu wa karatasi. Wivu ninao. Sikatai.

Tulifanya kazi nyumba moja kule Suwaidi, Riyadh, sote Wakenya, yeye mtu wa bara, wa upande wa Kakamega, mimi wa Malindi. Yeye jikoni, mimi nguo, vyumba na mtoto. Mtoto ni binti wa pekee wa madam, na wakati huo alikuwa hajaanza hata kusoma. Madam akilala baada ya chakula cha mchana, kazi yangu ilikuwa kumtuliza huyo mtoto asipige kelele, na dawa yake niliipata kwenye televisheni. Chaneli moja ya filamu ilikuwa na desturi: ukifika mwezi wa kumi, kwa ajili ya ile sikukuu ya Wazungu ya mizimu, inaonyesha filamu za kutisha zisizotisha. Sijui ziitwe vipi. Wafu wamo, majeneza yamo, popo wamo, lakini wote wana adabu. Maiti akikutana na mtu anavua kofia. Mifupa inapiga zumari. Nyumba zimepinda kama zimelewa, ngazi hazijui zinakwenda wapi, na mbingu ina rangi ya kaniki.

Mimi ndiye niliyezipenda kwanza. Hili naliandika kwa sababu hakuna mwingine atakayeliandika. Mpishi alikuwa hajakanyaga Saudia. Nilikuwa nikivuta mapazia mazito, jua la Suwaidi likabaki nje na vumbi lake, AC ikatia baridi, na mimi na mtoto tukaingia kule kwenye ukungu. Riyadh kila kitu kimenyooka: ukuta, barabara, hata kivuli. Sijui kwa nini nyumba iliyopinda ilinituliza moyo, lakini ilinituliza. Kwetu kuna majini, nimelelewa kuyaogopa, na hofu ile haina mchezo. Hii ya filamu ilikuwa hofu iliyofuliwa, ikapigwa pasi, ikakunjwa. Mtu anaweza kuivaa.

Niliyempenda zaidi alikuwa bibi mmoja mwembamba, mwenye gauni jeusi na shingo ndefu. Amekufa zamani, anakaa nyumba ya juu ya kilima, na kila jioni anaandaa meza kwa wageni ambao hawaji. Vikombe vimejaa utando wa buibui. Akiulizwa wageni wako wapi, anajibu kwamba wamechelewa tu. Anasema kwa Kiingereza, na mimi Kiingereza nakisikia, maana kabla ya kuja huku nilifua mashuka ya hoteli Watamu, na watalii husema mbele ya dobi kama dobi ni ukuta. Basi yule bibi akisema "wamechelewa tu," mimi ninayarudia moyoni pamoja naye. Lakini sikumwambia mtu. Napenda vitu kimyakimya, ndivyo nilivyo.

Kisha akaja Mpishi. Mtu mnene, umri wa mamangu mdogo, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Mwezi wa kumi ulipofika alipita na beseni la vitunguu akasimama mlangoni.

"Ni nini hii? Mashetani?"

"Ni filamu tu, mama."

"Na kwa nini huyu shetani amevaa tai?"

"Si shetani. Ni maiti wa heshima."

Alicheka mpaka kitunguu kikamdondoka. "Maiti wa heshima! Haya, sogea huko, Mswahili wewe, nimwone huyo wa heshima." Akaketi kwenye zulia, beseni mapajani, kisu mkononi. Tangu siku ile filamu zikawa zake.

Kiingereza hakuwa nacho. Kiarabu chake kilikuwa cha jikoni, mafi, yaani hakuna: mafi chumvi, mafi gesi, na yalla ya kuhimiza watu. Maandishi yaliyopita chini ya picha hakuyajua, na mtoto pia hakuyajua. Katika chumba kile mtu pekee aliyeelewa filamu inasema nini ni mimi. Hakuna aliyeniuliza. Mtoto alipotaka kujua, "Anasema nini?" alimgeukia yule mwenye sauti. Na alimwuliza kwa Kiswahili, Kiswahili nilichomfundisha mimi wakati wa kumchana nywele. Hilo nalo niliandike.

"Yule bibi?" Mpishi akasema bila hata kusita. "Ni hausigeli. Bosi wake alisafiri na pasipoti yake mfukoni. Ameambiwa asiondoke mpaka wageni wale. Na wageni hawaji. Si unaona alivyokonda?"

"Na hawa mifupa?"

"Hawa madam wao hufunga friji."

Mtoto hoi kwa kicheko, anajibingirisha kwenye zulia. Mimi nimekaa na ukweli wangu mdomoni kama mtu mwenye jino bovu.

Jikoni nilimwambia. "Mama, yule bibi hasemi hivyo."

"Anasema nini?"

"Anasema wamechelewa tu."

Akafikiri kidogo, mwiko mkononi. "Aa. Hiyo ni fupi sana. Mtoto atalala."

Haki ni haki: hakuwa mwongo kwa mambo mengine. Akivunja sahani alikuwa akipeleka vipande vyake kwa madam kwenye sinia, kabla hajaulizwa. Nyama ikizidi kuiva alikuwa akisema yeye, wala hakusingizia moto. Ni wale wafu tu aliowasingizia. Filamu zilikuwa zilezile, zinarudiwa, na kila zikirudi alikuwa na maneno mapya. Popo mkubwa wa mnarani alianza akiwa mhubiri aliyefukuzwa kanisani kwa kulala kwenye ibada. Siku nyingine akawa dereva asiye na ikama, kibali cha kuishi huku, ndiyo maana hutoka giza likiingia tu. Mtoto alimkamata. "Juzi ulisema ni mhubiri!" Naye akajibu, "Kwani mhubiri hawezi kutafuta kazi ya pili?"

Ajabu yake ni kwamba mashetani aliyaogopa kweli. Alikuwa mtu wa maombi. Kanisa hakuna, basi alikuwa akiomba juu ya sufuria, midomo inacheza, hasikiki. Hakulala miguu ikiwa nje ya shuka. Shimo la maji la bafuni alilifunika kwa sinia kila jioni, maana alisema huwezi kujua. Kabla ya filamu alikuwa akifumba macho, anakemea kwa jina la Yesu kila roho iliyomo kwenye televisheni, akimaliza anafumbua, anasema, "Haya, wameshafungwa, tuwaangalie." Nilimwuliza inakuwaje mtu anawakemea kisha anawachekea. Akaniambia, "Mdogo wangu, afadhali mzimu mwenye adabu kuliko binadamu mwenye funguo." Mara nyingine alisema pepo anayecheka hana kazi na mtu. Nimeyachunguza maneno yake, nikidhani nitayakuta matupu. Sijayakuta matupu.

Kuna jambo moja linaniuma kuliko mengine, na ni jema. Siku moja yule bibi mwembamba alikuwa anafuta vikombe vyake na mimi machozi yakanitoka. Madam hakupenda kuona mfanyakazi analia. Alidhani ukilia unataka kurudi kwenu, na akidhani hivyo anaanza kukutazama vibaya. Tukasikia mlango wake ukifunguliwa. Mpishi hakunitazama hata kidogo, macho yake yakiwa kwenye filamu, lakini mkono wake ulisukuma beseni la vitunguu likaja mapajani pangu na kisu chake. Madam akaingia, akaona ninakata vitunguu na ninalia, akachukua simu yake, akatoka. Mpishi aliendelea kusimulia. Hajawahi kulitaja jambo lile. Basi alikuwa ananiona siku zote, na bado akamchukua mtoto.

Sijui kama "akamchukua" ndilo neno. Mtoto alikwenda mwenyewe. Zamani nilikuwa nikimchana nywele kitandani kwake, kichwa magotini pangu. Kisha akataka achanwe jikoni, ili asikie. Nikawa ninamchana nimesimama, karibu na jiko, jasho linanitiririka, na uso wake umeelekea kwingine.

Halafu boga. Katika filamu zile kuna maboga yaliyochongwa nyuso, mshumaa ndani. Mpishi aliniuliza ni ya nini, nikamwambia ni mapambo ya sikukuu. Sikumwambia zaidi, maana sikufikiri atafanya alilofanya. Siku madam alipotoka kwenda sokoni, Mpishi alichukua boga zima la jikoni, akalitoa macho na pua, akalichonga meno, akaliweka dirishani na kamshumaa kadogo, ili mtoto akiamka acheke. Mtu aliyekaa huku miaka anajua hatari yake. Kuna wasichana waliokutwa na uzi uliofungwa mafundo, au nywele kwenye karatasi, wakapelekwa polisi kwa sihiri. Yeye aliweka kichwa kizima dirishani.

Aliyeingia hakuwa mtoto. Ni nyanya, anataka maji. Alisimama, akaanza kusoma Ayatul Kursiyu kwa sauti, kisha akaniita mimi, kwa kuwa mimi ni Mwislamu.

"Binti yangu, hiki ni nini? Niambie kweli."

Nilimtazama Mpishi. Alikuwa anafuta mikono kwenye gauni, ingawa ilikuwa mikavu. Uso wake ulikuwa wa majivu. Niliona wazi kwamba nikikosea kujibu, jikoni hakuna mtu tena, na mtoto atarudi kuchanwa kitandani. Hilo pia niliona. Siwezi kusema sikuliona.

Nikasema, "Nyanya, kwao ndivyo wanavyopika boga. Wanalitoboa mvuke uingie, na moto mdogo unalikausha maji." Nikavuta kisu, nikasema bismillahi kwa sauti, nikaukata ule uso vipande vipande mbele yake, nikatia sufuriani na sukari na hiliki. Nyanya akatazama mpaka pua ilipokwisha. Akanywa maji yake. Ndio uongo pekee niliousema katika nyumba ile.

Mpishi hakunishukuru kwa mdomo. Ila wiki nzima kila nikienda kuosha sahani yangu niliikuta imeoshwa. Na mtoto alipouliza habari za boga, alimpa kisa: boga liligombana na nyanya, likasema halitaki kuliwa, nyanya akalisomea mpaka likalegea. Mtoto alikipenda kisa hicho, alikiomba kila siku. Katika kisa hicho mimi simo.

Mwaka ule ule mume wa madam akahamishiwa Jeddah. Nyanya alikataa kuondoka Suwaidi, kwa hiyo mmoja wetu abaki naye na mmoja aende na mtoto. Nilitaka kwenda. Sikuwahi kutaka kitu Saudia kama nilivyotaka kile. Madam alituita sebuleni, akamwambia mtoto achague. Hakufanya ubaya, alidhani ni jambo dogo. Mtoto hakufikiri. Alinyoosha mkono kumwelekea Mpishi kama mtu anayeonyesha mwezi. Kisha akaniona, akaja akanikumbatia, na kukumbatiwa kule kulikuwa kubaya zaidi.

Basi nilibaki na nyanya, na nyanya ni mtu mwema, haniamshi bila sababu. Sina la kulalamika. Lakini nilikuwa na tumaini langu moja nikalificha. Madam alisema mtoto anaingia shule ya Kiingereza. Nikajua: siku moja atasikia kwa masikio yake. Atasikia yule bibi anasema nini, atajua kwamba miaka yote Mpishi alikuwa anamtungia, na atakumbuka ni nani aliyekaa pale na ukweli amenyamaza. Niliingoja siku hiyo kama watu wanavyongoja ikama.

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Nyanya kalala, madam kalala. Mtoto amerefuka, kichwa chake kinanifika begani, na kwenye simu na wenziwe anasema Kiingereza kama maji. Alinibusu, akauliza habari za nyumba ya Suwaidi. Kisha akavuta mapazia, akaniambia, "Dada, kaa. Mwezi wa kumi huu." Akaita jikoni. Mpishi, ambaye tangu tufike alikuwa hajatoka jikoni, akaja na beseni la bamia. Amezeeka. Anapanda ngazi kwa mguu mmoja, wa pili unafuata ukitaka. "Mswahili wangu!" akapiga kelele, akanikumbatia na bamia na kisu na vyote. "Umekonda! Nani anakufungia friji?"

Filamu ilikuwa ile. Ile nyumba ya kilima. Moyo wangu ulikuwa unapiga kama wa mwizi. Ukungu ukapita, lango likalia, yule bibi mwembamba akatokea na trei yake, akafungua mdomo. Mtoto akachukua rimoti akazima sauti.

Nikadhani amekosea. "Umezima sauti," nikamwambia.

"Ndiyo. Ili Mpishi aseme."

"Lakini sasa unajua Kiingereza. Unaweza kumsikia mwenyewe."

"Nimeshamsikia. Anasema wamechelewa tu." Alisema harakaharaka, kama mtu anayesoma kibao cha duka. "Nilijua zamani. Mpishi, yalla."

Mpishi alinitazama pembeni. Sijui alisoma nini usoni pangu. Akaweka kisu. "Ngojeni," akasema. "Mimi koo langu limekauka na hii joto. Huyu bibi leo asemewe na Dada. Dada anamjua kuliko mimi."

Mtoto akanigeukia. Yule bibi alikuwa anapanga vikombe, midomo inacheza bila sauti. Nilitafuta uongo wowote, hata mdogo, nikakosa. Nikasema, kwa sauti nzuri kadiri nilivyoweza, nikasema ninavyomjua: "Wamechelewa tu."

Mtoto akangoja. Hakukuwa na zaidi. "Vizuri, Dada," akasema, kwa adabu, kama anavyosema na wageni wa mamake. Akamgeukia Mpishi tena. Mpishi akavuta pumzi na kuanza, na mwaka huu yule bibi amepata pasipoti yake lakini picha si yake, imebandikwa ya mbuzi, na kila akifika uwanja wa ndege anaambiwa apige kelele ya mbuzi kwanza. Mtoto alicheka mpaka akaegemea goti la Mpishi. Mimi pia nilicheka. Nilijaribu kujizuia, sikuweza.

Jioni nilimfuata jikoni kumsaidia. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anakwangua magamba ya samaki.

"Narudi nyumbani," akasema bila kuinua kichwa. "Halas, basi. Magoti yamekwisha. Madam ameshakubali."

"Lini?"

"Tikiti ikipatikana. Nimemwambia akuite wewe. Nyanya atapata mtu mwingine, au ahamie huku, hilo watajua wao. Na mtoto nimemwambia."

"Akasema nini?"

"Akasema sawa." Akanitazama. "Alikuwa analia kidogo, nisikudanganye. Lakini alisema sawa."

Nilishika ukingo wa sinki. Ndicho nilichokitaka miaka miwili, na yeye ndiye anayenipa, kama mtu anayekupa kanga aliyoichoka. Nikamwuliza, "Na filamu? Mama, mimi siwezi. Nimeona leo siwezi."

"Utaweza."

"Nitasema ukweli tu. Ndicho kitu ninachojua."

"Basi utasema ukweli." Akamgeuza samaki. "Atachoka na wewe mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili atakuwa mkubwa, hatataka filamu za mizimu tena, atataka mtu asiyemdanganya. Hapo mimi singefaa kitu." Kisha akasema, "Nipe ndimu, Mswahili, usisimame hapo kama maiti wa heshima."

Sijui kama aliamini aliyoyasema, au alikuwa ananisimulia mimi pia. Nimelifikiri tangu magharibi na sijapata jibu. Kama alinitungia, alinitungia vizuri, na hilo nalo linaniuma.

Tumekula samaki wa kukaanga, wali uliopikwa kwa supu ya vichwa vyake na vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa vyeusi, na achari ya ndimu. Amepika yeye. Nyanya aliongeza mara mbili, mtoto alikwangua sufuria. Mimi nilikula polepole, nikitafuta kasoro, hata chumvi tu. Sikuipata.